Kuacha Ugoro na Tumbaku ya Kutafuna: Nafasi ya Msaada wa Rika

Swali lenyewe

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu madhara ya tumbaku katika Afrika Mashariki umeelekezwa kwenye sigara, na kwa sababu hiyo mabango ya onyo, marufuku ya kuvuta hadharani na mafunzo ya wahudumu wa afya yamemlenga zaidi mvutaji, huku anayebwia ugoro, anayetafuna tambuu yenye tumbaku au anayebana tumbaku ya pakiti chini ya mdomo akibaki pembezoni. Mtu huyo hatoi moshi, hamsumbui aliyeketi kando yake, wala hakuna anayemwomba atoke nje ya ofisi au ashuke kwenye daladala. Anaweza kuitumia bidhaa yake mchana kutwa bila jirani kujua. Ukimya huo unaomkinga na lawama ndio pia unaomwacha peke yake siku anapoamua kuacha, kwa kuwa katika zahanati nyingi haulizwi, na nyumbani huenda hakuna anayejua kwamba kuna jambo analopambana nalo.

Uchambuzi huu unachunguza kama watu waliokwisha kuacha bidhaa hizi, pamoja na wale wanaozoea kuishi bila ya hizo, wanaweza kusaidiana kwa namna ambayo ushauri wa daktari peke yake hauwezi, na kama wanaweza, ni kwa masharti gani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba matumizi ya tumbaku isiyo na moshi huanza na kudumu ndani ya ushirika wa watu, na kwa hiyo kuyaacha kunahitaji ushirika vilevile. Hata hivyo ushirika huo huzaa matunda pale tu unapopangwa, ukapewa viongozi waliofunzwa na kuunganishwa na huduma za afya.

Bidhaa na watumiaji wake

Tumbaku isiyo na moshi ni jina la jumla la bidhaa zote za tumbaku zinazotumiwa bila kuwashwa moto. Katika bara la Afrika Mashariki iliyo maarufu zaidi ni ugoro, yaani majani ya tumbaku yaliyokaushwa, yakatwangwa au kusagwa, na mara nyingi yakachanganywa na magadi. Wengine huunusa puani, na wengine huubwia na kuuweka kati ya mdomo wa chini na ufizi. Katika mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, tumbaku huingia kinywani pia kwa njia ya tambuu, yaani jani la mtambuu lililopakwa chokaa, likatiwa vipande vya popoo, katu na tumbaku, kisha likakunjwa na kutafunwa taratibu. Aina ya tatu ni tumbaku ya viwandani iliyokolezwa ladha na kufungwa katika pakiti ndogo, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Kuber, na ambayo huwavutia vijana kwa sababu ni rahisi kuificha na bei yake ni ndogo.

Ukubwa wa jambo hili hauonekani kwa macho, lakini umepimwa. Utafiti wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima, uliofanyika Kenya mwaka 2014 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ulionyesha kwamba asilimia 4.5 walikuwa wakitumia tumbaku isiyo na moshi, wanaume wakiwa asilimia 5.3 na wanawake asilimia 3.8. Takwimu ya wanawake inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu katika utafiti huohuo wanawake waliovuta sigara na tumbaku nyingine ya moshi hawakufika hata asilimia moja. Maana yake ni kwamba mpango wa kuacha tumbaku unaowalenga wavutaji tu huwaacha nje wengi wa wanawake wanaotumia tumbaku nchini humo. Nchini Tanzania utafiti wa aina hiyo wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 2.4 ya watu wazima wakitumia tumbaku isiyo na moshi. Duniani kote watumiaji wanazidi milioni 300, na wengi wao wanaishi Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki.

Takwimu hizo, hata hivyo, hazielezi nafasi ya bidhaa hizi katika maisha ya watu. Katika harusi za mwambao, sinia la tambuu limekuwa sehemu ya ukarimu, na kijaluba, kikopo kidogo cha kuhifadhia popoo na tumbaku, huhesabiwa miongoni mwa vitu vya heshima vya mtu mzima. Miongoni mwa jamii za wafugaji na wakulima wa bara, wazee wanapokutana kwenye mkutano wa ukoo au mnadani, tabakero, yaani kikopo cha ugoro, huzunguka kutoka mkono hadi mkono kabla ya mazungumzo kuanza, na anayekataa huweza kuonekana kwamba amewakataa wenzake. Bodaboda wanaosubiri abiria usiku, walinzi wa zamu na vibarua wa mizigo hugawana pakiti moja ili kufukuza usingizi. Katika mazingira hayo yote, tumbaku ni kiungo cha uhusiano, na anayetaka kuiacha hulazimika kujiuliza atabaki na nafasi gani miongoni mwa watu wake baada ya kuiacha.

Kwa nini kuacha ni kugumu

Ugumu wa kwanza uko mwilini. Nikotini, ambayo ni kemikali ya asili iliyomo katika majani ya tumbaku, hupenya utando wa kinywa au pua na kuingia katika damu, kisha hufika kwenye ubongo na kuchochea utoaji wa dopamini, kemikali inayohusika na hisia za raha na tuzo. Magadi na chokaa vinavyochanganywa na tumbaku si viungo vya ladha tu, kwa kuwa huongeza ualkali wa mchanganyiko, na kadiri ualkali unavyopanda ndivyo nikotini nyingi zaidi inavyokuwa katika hali huru inayopenya utando wa kinywa kwa haraka. Kwa kuwa kipande cha tumbaku hukaa kinywani kwa muda mrefu, kiasi cha nikotini katika damu hupanda polepole kuliko cha mvutaji wa sigara lakini hudumu zaidi, na kwa hiyo dhana kwamba ugoro ni tumbaku nyepesi haina msingi.

Mtu anapoacha, mwili uliozoea nikotini hutoa dalili ambazo wataalamu huziita dalili za kuachia: hasira za haraka, wasiwasi, kukosa utulivu, usingizi kuvurugika, njaa kuongezeka, kushindwa kukaza fikra na hamu kali inayokuja kwa mawimbi. Dalili hizi huanza ndani ya siku ya kwanza, hufikia kilele katika siku chache za mwanzo na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Muda huo si mrefu, lakini asiyejua kwamba una mwisho huamini kwamba hali hiyo ndiyo maisha yake mapya, akarudia tumbaku katika siku zilezile ambazo angekuwa karibu kuvuka.

Ugumu wa pili ni mazoea, ambayo Waswahili wamesema yana taabu, na ambayo hudumu muda mrefu baada ya nikotini kutoka mwilini. Mfano wa mwezi wa Ramadhani unalifafanua jambo hili vizuri: mtumiaji wa ugoro au tambuu anayefunga huiacha tumbaku tangu alfajiri hadi magharibi kwa siku zisizopungua 29, na wengi huweza, kwa sababu wote waliowazunguka wamefunga, saa ya kufungua inajulikana na sababu ya kujizuia inaheshimiwa na kila mtu, lakini baada ya futari kijaluba hufunguliwa, na ifikapo Sikukuu matumizi ya mchana hurejea. Nikotini ni ileile na mwili ni uleule. Kilichobadilika ni mazingira na ushirika. Uzoefu huo unaonyesha kwamba uwezo wa kujizuia upo, na kwamba unahitaji kuungwa mkono zaidi ya mwezi mmoja.

Ugumu wa tatu ni imani potofu. Watu wengi huamini kwamba pasipo moshi hapana madhara, na wengine huutumia ugoro kama dawa ya jino, ya kichwa au ya mafua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka tumbaku isiyo na moshi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, likiihusisha na saratani za kinywa, umio na kongosho. Tumbaku hiyo pia husababisha ufizi kurudi nyuma na kuacha mizizi ya meno wazi, na huleta mabaka meupe yasiyoondoka kwa kupanguswa, yaitwayo lukoplakia, mahali palepale ambapo mtu huzoea kuiweka. Kwa mjamzito, huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti, kuzaliwa na uzito mdogo au kuzaliwa mfu. Habari njema ni kwamba mengi ya mabaka hayo hufifia ndani ya wiki chache baada ya kuacha, na hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kulishuhudia mwenyewe kwa kioo.

Msaada wa rika na namna unavyofanya kazi

Msaada wa rika ni utaratibu ambao mtu aliyepitia hali fulani humsaidia mwingine anayeipitia, kwa msingi wa usawa na uzoefu, bila kumwekea cheo cha mtaalamu juu yake. Rika katika maana hii si umri tu, bali ni kufanana kwa hali: mwanamke wa miaka 60 aliyeacha ugoro anaweza kuwa rika wa mwanamke wa miaka 35 anayejaribu kuuacha. Utaratibu huu unatofautiana na ushauri nasaha wa kitaalamu, unaotolewa na mtu aliyesomea kazi hiyo, na unatofautiana pia na uangalizi wa ndugu, ambao huweza kuwa wa upendo mwingi lakini usiojua hamu ya nikotini ilivyo.

Nguvu yake inaelezwa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni mfano unaoaminika. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake mwenyewe, alieleza kwamba imani hiyo hukua mtu anapomwona mwingine anayefanana naye akifaulu. Dereva wa lori aliyeacha tumbaku humthibitishia dereva mwenzake kwamba safari ya usiku inawezekana bila pakiti mfukoni, uthibitisho ambao kipeperushi hakiwezi kuutoa. Ya pili ni faida anayoipata msaidizi mwenyewe: mwaka 1965 Frank Riessman alieleza kanuni kwamba anayemsaidia mwenzake huimarika naye, kwa kuwa kila anapoeleza sababu za kuacha hujikumbusha sababu zake, na heshima anayopewa humpa jambo la kulinda. Ya tatu ni ujuzi wa vitendo, kama vile namna ya kukataa ugoro wa mzee bila kumvunjia heshima, ambao hupatikana kwa waliokwisha kulikabili jambo hilo.

Ya nne, na pengine iliyo muhimu zaidi kwa bidhaa za kijamii kama tambuu na ugoro, ni kwamba tabia husambaa na kukoma kupitia mitandao ya mahusiano. Nicholas Christakis na James Fowler waliwafuatilia watu 12,067 wa Framingham nchini Marekani kwa takwimu za kati ya mwaka 1971 na 2003, wakakuta kwamba watu huacha sigara kwa makundi, na kwamba mwenzi wa ndoa anapoacha, uwezekano wa mwenziwe kuvuta hupungua kwa asilimia 67, na rafiki anapoacha hupungua kwa asilimia 36. Utafiti huo ulihusu sigara, na ulifanyika katika jamii tofauti sana na za Afrika Mashariki, lakini mantiki yake inazihusu kwa uzito zaidi bidhaa ambazo hupitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Ushahidi uliopo

Ushahidi wa moja kwa moja kuhusu tumbaku isiyo na moshi umekusanywa zaidi Marekani, ambako wachezaji wa besiboli wamekuwa na desturi ya miaka mingi ya kutafuna tumbaku uwanjani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakiongozwa na Margaret Walsh, waliwachunguza wanamichezo wa vyuo 16. Katika vyuo vilivyopewa mpango wa kuacha, ambamo mtaalamu wa kinywa aliwakagua wachezaji, akawaonyesha mabadiliko ya ufizi wao wenyewe na kuwapa ushauri, asilimia 35 ya watumiaji walikuwa wameacha baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 16 katika vyuo visivyopewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2003, ulifanyika katika shule za sekondari 44 za vijijini California na kuongeza sehemu iliyoendeshwa na wachezaji wenyewe kwa wenzao. Huko waliofaulu kuacha walikuwa asilimia 27, dhidi ya asilimia 14 katika shule za kulinganishia.

Tafiti hizi zinafundisha mambo mawili yanayopaswa kushikwa pamoja. Kwanza, programu iliyopangwa ndani ya kundi lenye utambulisho mmoja inaweza kukaribia kuongeza mara mbili idadi ya wanaoacha. Pili, katika programu hizo sauti ya rika haikutenganishwa na ukaguzi wa kinywa, na kwa hiyo haifai kudai kwamba mafanikio yote yalitokana na rika peke yake. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2015, yaliyojumuisha majaribio 34 yenye washiriki zaidi ya 16,000, yalifikia uamuzi kwamba ushauri wa kitabia husaidia watu kuacha tumbaku isiyo na moshi, na kwamba dawa iitwayo vareniklini na vidonge vya kumumunya vya nikotini huweza pia kusaidia.

Upo pia ushahidi unaotahadharisha. Mapitio mengine ya Cochrane yalichunguza majaribio ya kumwandaa mwenzi wa mvutaji, awe mke, mume, ndugu au rafiki, ili amsaidie mvutaji kuacha, na hayakukuta kwamba maandalizi hayo yaliongeza idadi ya walioacha. Kwa upande mwingine, mapitio kuhusu vikundi vya kuacha sigara vyenye ratiba na mwongozaji yalionyesha kwamba wanaohudhuria hufaulu zaidi kuliko wanaoachiwa kijitabu wajisaidie wenyewe. Matokeo haya mawili yakiwekwa pamoja yanaelekeza kwenye hitimisho moja: kumwambia mtu awe karibu na mwenzake hakutoshi, bali kinacholeta tofauti ni utaratibu, yaani siku iliyowekwa, mikutano ya kudumu, stadi zinazofundishwa na ufuatiliaji baada ya kuacha.

Misingi iliyokwisha kujengwa

Afrika Mashariki haianzi mwanzo katika jambo hili. Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO, ambalo lilijengwa na watu walioguswa wenyewe na Ukimwi, na tangu hapo vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na waelimishaji rika, vimekuwa sehemu ya kawaida ya huduma katika eneo zima, vikimkumbusha mgonjwa dawa, vikimtembelea asipoonekana kliniki na vikimwondolea aibu. Visiwani Zanzibar na katika miji ya mwambao, nyumba za upataji nafuu zimewatumia watu waliokwisha kuacha dawa za kulevya kuwaongoza wanaoanza. Katika vijiji na mitaa, vikundi vya kuweka na kukopa, viitwavyo VICOBA Tanzania na chama Kenya, vina mambo yote ambayo kikundi cha kuacha tumbaku kinayahitaji: siku maalumu ya kukutana, daftari la mahudhurio, kanuni zilizokubaliwa na wanachama wanaofahamiana kwa majina na kwa nyumba zao.

Kinachokosekana ni kuiweka tumbaku isiyo na moshi katika ajenda ya vikundi hivyo. Mara nyingi ugoro huonekana jambo dogo likilinganishwa na heroini au pombe, na hata anayefaulu kuacha dawa za kulevya huweza kuachwa aendelee na tumbaku kana kwamba ni liwazo lisilo na gharama, ilhali saratani ya kinywa haibagui kati ya liwazo na uraibu.

Kikundi kinavyoweza kuendeshwa

Kikundi kinachofaa ni kidogo, cha watu wanane hadi 12 hivi, ili kila mmoja apate nafasi ya kusema katika mkutano mmoja. Kiongozi wake ni mtu aliyeacha kwa muda wa kutosha kuwa imara na aliyepewa mafunzo ya kusikiliza, kutunza siri na kutambua dalili zinazohitaji daktari. Katika mkutano wa kwanza kila mshiriki hueleza anatumia nini, saa ngapi, mahali gani na pamoja na nani, na maelezo hayo huandikwa, kwa sababu orodha hiyo ndiyo ramani ya vishawishi vyake: mmoja hugundua kwamba hubwia kila baada ya chai ya asubuhi, mwingine kwamba hutafuna anapokuwa sokoni akisubiri wateja. Mkutano wa pili hupanga siku ya kuacha, na ikiwezekana wote huacha siku moja, wakiwa wamekwisha kutupa tabakero, vijaluba na pakiti zilizofichwa kwenye kanga, koti au chini ya kiti cha pikipiki.

Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazohitaji mawasiliano ya kila siku, ambayo si lazima yawe marefu; simu ya dakika chache jioni, au kupitia nyumbani kwa mwenzake njiani kutoka kazini, inatosha kumwonyesha mtu kwamba hasira na kukosa usingizi kwake kunajulikana na kuna mwisho. Hamu inapokuja, kikundi hufundisha kuchelewesha kwa dakika chache, kunywa maji, kutembea na kukipa kinywa kitu kingine, kama vile iliki, karafuu au ubani wa kutafuna. Hapa tahadhari moja ni ya lazima: popoo isitumiwe kuwa mbadala wa tumbaku, kwa maana popoo yenyewe, hata pasipo tumbaku, imetambuliwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa husababisha saratani, na mtu anayeondoa tumbaku kwenye tambuu akabaki na popoo amepunguza nikotini bila kujitoa katika hatari.

Kurudia tumbaku baada ya siku kadhaa za kuacha ni jambo la kawaida kwa watu wanaojaribu, na namna kikundi kinavyolipokea huamua kama mtu atabaki au atatoroka. Kikundi kinachomhubiria na kumwaibisha humfundisha kuficha, na anayeficha hasaidiki. Kikundi kinachomuuliza ilitokea wapi, nani alikuwepo na nini kifanyike safari ijayo hulifanya kosa lile kuwa somo la wote. Mikutano ya kila wiki kwa miezi mitatu, ikifuatiwa na ya kila mwezi hadi mwaka utimie, huwalinda washiriki hasa katika majira ya harusi, misiba na sikukuu, ambapo sinia na tabakero huzunguka tena.

Wanawake wanastahili kupangiwa vikundi vyao pale wanapopenda, kwa sababu wengi wao hutumia kwa siri na hawatazungumza mbele ya mashemeji, wakwe au vijana wa kiume wa mtaa. Mahali pazuri pa kuwafikia ni kliniki za wajawazito na watoto, ambako swali moja tu la muuguzi, likiulizwa kwa faragha na bila kulaumu, huweza kumfungulia mtu njia ya kwenda kwa wenzake.

Mipaka na tahadhari

Msaada wa rika haupimi kidonda wala hauandiki dawa. Mtu mwenye kidonda cha mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, baka jeupe au jekundu, uvimbe, maumivu ya kumeza au ugumu wa kufungua kinywa anapaswa kupelekwa hospitali mapema, na kiongozi wa kikundi anayemchelewesha kwa maombi au kwa majani anamkosea. Mwongozo wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, uliotolewa Julai 2024, umependekeza ushauri wa kina wa kitabia kwa watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi, pamoja na vareniklini au nikotini mbadala, yaani nikotini safi inayotolewa kwa kipimo ili kupunguza dalili za kuachia. Mshiriki mwenye utegemezi mkubwa, hasa anayetumia mara tu anapoamka au anayelala na tumbaku mdomoni, hufaidika kikundi kinapomfikisha kwa mtaalamu wa dawa hizo.

Hatari nyingine ni ya kijamii. Kiongozi anayerudia tumbaku kisiri huweza kukivunja kikundi kizima, na dawa yake ni kuwa na viongozi wawili au zaidi wanaoangaliana. Siri ikivuja mara moja, hasa katika mtaa ambao kila mtu anamjua mwenzake, wanawake na vijana hawatarudi tena. Zaidi ya hayo, uaminifu wa kikundi hupotea kinapopokea fedha kutoka kwa wenye maslahi katika biashara ya tumbaku, ambao wangependa watu wahamie kwenye bidhaa nyingine ya nikotini kuliko kuiacha kabisa.

Wajibu wa sera

Mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2005, katika ibara yake ya 14 unazitaka nchi wanachama kuweka huduma za kuwasaidia watu kuacha. Kenya iliuridhia mwaka 2004, na Tanzania na Uganda mwaka 2007. Uganda ilikwenda mbali zaidi kwa sheria yake ya mwaka 2015 iliyopiga marufuku tumbaku isiyo na moshi, lakini marufuku hupunguza upatikanaji bila kumtibu aliyekwisha kutegemea, na pale bidhaa inapotengenezwa nyumbani au kuvushwa mpakani, mtumiaji hubaki nayo, na safari hii akiwa na hofu ya sheria inayomzuia hata kuomba msaada. Kwa hiyo marufuku na msaada vinapaswa kwenda sambamba. Nikotini mbadala imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na vareniklini tangu mwaka 2021. Kazi iliyobaki ni kuzifikisha zahanati kwa bei ambayo mvuvi wa Pemba au mfugaji wa Kajiado anaimudu. Nchini Kenya, namba ya bure ya 1192 ya mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, inaonyesha kwamba simu inaweza kuwa mlango wa kwanza wa ushauri, mradi anayepokea awe amefunzwa kuuliza kuhusu ugoro na tambuu pia.

Hitimisho

Ushahidi uliopo unatosha kutoa uamuzi wa wazi. Msaada wa rika ni njia yenye mashiko ya kuacha tumbaku isiyo na moshi, hasa katika jamii ambazo bidhaa hizo ni sehemu ya salamu, ukarimu na kazi, lakini hufaulu ukiwa na ratiba, viongozi waliofunzwa, usiri na njia ya wazi ya kwenda hospitali. Pasipo masharti hayo unabaki kuwa nia njema. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tiba ya saratani moja ya kinywa, na vikundi vinavyoweza kuubeba vimekwisha kuwepo katika kata nyingi. Wizara za afya zianze kwa kuongeza swali la ugoro, tambuu na tumbaku ya pakiti katika fomu za wahudumu wa afya ngazi ya jamii na za kliniki za wajawazito, na viongozi wa VICOBA, vyama, misikiti na makanisa waanze kwa kuwaomba wanachama wao waliokwisha kuacha wajitokeze. Kila aliyeacha ana maarifa ambayo jirani yake anayahitaji leo, na ni wajibu wake kuyatoa.